Ruhusa ya Hariri na Vifungo vya Fedha: Dhana Potofu Kuhusu Honourable Artillery Company

Honourable Artillery Company ya London ni kikosi cha watu wa kujitolea kilichoanzia kwenye hati ya kifalme iliyotolewa na Henry VIII mwaka 1537. Kwa kuwa kimedumu hadi leo, mavazi yake na haki zake vimezungushiwa masimulizi mengi, na baadhi yake yanapingana na hati yenyewe.

Dhana: Mfalme aliwaruhusu wanachama kuvaa chochote walichotaka, na huo ndio mwanzo wa sare yao.

Ukweli: Wakati ule kikosi hakikuwa na sare. England ilikuwa na sheria, ikiwemo ile ya mwaka 1533, zilizopanga nani avae kitambaa gani kulingana na cheo na mali yake, na hati iliwalegezea wanachama sheria hizo. Waliruhusiwa kuvaa hariri, mahameli, atlasi na damaski, na kutia tarizi na alama za fedha kwenye makoti yao, lakini rangi mbili zilibaki marufuku kwao: zambarau na nyekundu iliyokolea. Mtu wa leo anayewaona wakiandamana kwa makoti mekundu hawezi kukisia kwamba wekundu huo ndio walionyimwa waasisi wao. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo linalopaswa kukumbukwa kuliko yote katika historia ya mavazi yao, kwa sababu linaonyesha kwamba upendeleo wa kifalme ulikuwa na mipaka iliyoandikwa.

Dhana: Walikuwa na kibali cha kuua bila kushtakiwa.

Ukweli: Kinga hiyo ilimhusu mpiga mshale aliyemjeruhi au kumuua mtu kwa bahati mbaya katika mazoezi ya shabaha, na ilikuwa na sharti, kwamba kabla tu ya kuachia mshale awe ametamka neno la kuonya lililozoeleka, yaani "fast". Aliyenyamaza hakuwa na kinga. Hapa pia panafaa kusahihishwa jina lenyewe, kwani "artillery" ya mwaka 1537 haikumaanisha mizinga peke yake; hati inataja pinde ndefu, pinde za mtambo na bunduki za mkono.

Dhana: Mapambo ya fedha ni dalili kwamba kikosi kilidharauliwa, kikanyimwa dhahabu.

Ukweli: Mwaka 1830 Mfalme William IV alitaka sare yao ifuate ile ya Grenadier Guards, kikosi cha walinzi wa mfalme, ila kila mahali ambapo walinzi hao wana dhahabu, wao waweke fedha. Katika jeshi la Uingereza la enzi hizo dhahabu ilikuwa alama ya askari wa kudumu na fedha alama ya mgambo na wa kujitolea, hivyo tofauti hiyo ilionyesha aina ya utumishi. Kufananishwa na walinzi wa mfalme, hadi kofia ya manyoya ya dubu, kulikuwa heshima kubwa kwa raia wenye kazi zao mjini.

Dhana: Wanaume wenye mikuki mirefu na magobori wanaomsindikiza Meya wa City of London ni waigizaji waliokodiwa.

Ukweli: Hao ni Kampuni ya Pikemen and Musketeers, iliyoundwa mwaka 1925 na kupewa kibali cha kifalme (Royal Warrant) mwaka 1955. Wote ni watu waliotumikia au wanaotumikia kikosi hicho, na mavazi yao ya enzi ya Charles I ni sare rasmi ya ulinzi wa Meya.

Limebaki suala la nishani. Husemwa kwamba kikosi kina nishani yake ya utumishi wa muda mrefu, ilhali nishani ni ileile ya askari wengine wa kujitolea. Kilicho chao ni utepe, ambao mwaka 1906 Edward VII aliwapa katika rangi zake binafsi za nyekundu, buluu na manjano.