UTI inayojirudia si kipimo cha VVU

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu: ukipata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara kwa mara, basi una VVU. Si kweli. UTI nyingi huletwa na bakteria wa utumbo, na wanawake huugua zaidi kwa kuwa mrija wao wa mkojo ni mfupi. VVU hujulikana kwa kipimo chake tu. UTI hujulikana kwa kupima mkojo, ikibidi kuotesha bakteria wake maabara.

Mkanganyiko una chanzo. Kinga ikishuka sana, maambukizi huongezeka. Tena kisonono, ugonjwa wa zinaa, nacho huchoma wakati wa kukojoa, watu wakakiita UTI. Na anayetumia ARV (dawa za VVU) akipata UTI, haimaanishi dawa zimegoma: hilo huonyeshwa na kipimo cha wingi wa virusi.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.