Fildi Ughaibuni: Unayoambiwa Kabla ya Kusafiri na Utakayoyakuta Hamburg

Wiki ya pili ya fildi yangu Hamburg, saa kumi na mbili na nusu jioni, msimamizi wangu alirudi ofisini kuchukua mwavuli aliousahau, akanikuta bado niko mbele ya kompyuta. Hakunisifu. Aliniuliza kwa upole kama kazi aliyonipa imenizidi, au kama nina tatizo lolote huko ninakokaa. Nilikosa la kumjibu, maana nilikuwa nimebaki makusudi ili watu wajue nina bidii.

Nilitoka Dar es Salaam na dhana hiyo kichwani, pamoja na nyingine kadhaa, na katika miezi sita niliyokaa Ujerumani zilinipotezea karibu miwili. Wadogo zangu wa chuo wanaojiandaa kwenda huko bado wananiletea maneno yaleyale. Kwa hiyo nayajibu hapa, na ninayajibu kwa uchungu kidogo, kwa sababu sipendi kuona mtu mwingine akikaa peke yake chumbani kwa ajili ya jambo alilodanganywa.

"Anayechelewa kuondoka kazini ndiye mchapakazi."

Kwa Wajerumani, anayechelewa kila siku ni mtu ambaye kazi imemshinda kupanga, au mtu ambaye bosi wake hampangii vizuri. Sheria yao ya saa za kazi ya mwaka 1994 inaweka saa 8 kwa siku. Zinaweza kufika 10, ila wastani urudi kwenye 8 ndani ya miezi 6. Ukishatoka kazini, lazima zipite saa 11 kabla hujaanza tena. Mwanafunzi wa fildi anayejibanza ofisini hadi usiku anamweka msimamizi wake mahali pabaya, hata kama nia yake ni njema.

Wana neno lao, Feierabend, lililounganisha sherehe na jioni. Ndio muda unaoanza kazi ikiisha. Watu huagana nalo mlangoni, na mtu akishaaga nalo, hategemei umtumie ujumbe wa kazi hadi kesho. Nilichogundua baadaye ni kwamba saa zile 8 zenyewe ni nzito kuliko nilivyozoea. Kwetu tunachanganya kazi na soga: unapita meza ya huyu, unauliza hali ya mtoto wa yule, chai inaletwa, kazi inaendelea. Kule asubuhi ni kazi tupu. Kinachopendwa ni mtu aliyefika kwa wakati, aliyeuliza mapema alipokwama, na aliyemaliza alichoahidi. Nilipoanza kuuliza maswali yangu saa tatu asubuhi badala ya kuhangaika nayo kimyakimya hadi jioni, nilianza kutoka saa kumi na moja kama wenzangu, na kazi yangu ikawa bora.

"Wajerumani hawana urafiki."

Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu mwezi wa kwanza niliiamini kabisa na nilikuwa na ushahidi. Kila siku mchana nilikula wali wangu mezani peke yangu. Karibu na saa sita, jirani yangu wa ofisi alikuwa akipita na kusema "Mahlzeit!" Niliichukua kama salamu, nikamwitikia na kuendelea na kazi. Kumbe ni salamu ya saa ya chakula, na wenzangu waliposikia walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kwenda jikoni. Hakuna aliyenishika mkono anivute kama ambavyo mama yeyote wa Kitanzania angefanya. Walidhani nimechagua kula peke yangu, wakaniheshimu. Siku nilipochukua bakuli langu na kuwafuata, walisogeza kiti bila kuuliza kitu, na yule jirani akataka kujua wali unanukia nini. Nilimwambia ni iliki.

Siku ya kuzaliwa kwangu ilipita vilevile. Nilisubiri tangu asubuhi, hakuna aliyesema neno. Kumbe desturi yao ni kwamba mwenye siku ndiye huleta keki ofisini. Asiyeleta, wengine huona hataki kusumbuliwa. Wiki iliyofuata nilioka keki ya ndizi, nikaiweka jikoni na karatasi yenye jina langu. Siku hiyo nilizungumza na watu wengi kuliko mwezi mzima uliotangulia.

Halafu kuna suala la kutembeleana. Sisi tunasema "nitapita kwako" na kweli tunapita, hodi hodi, na chakula kinatosha. Kule mwenzako atafungua kalenda na kukuambia Jumamosi ya wiki ya tatu kutoka leo, saa tisa na nusu alasiri. Mara ya kwanza nilidhani ananikwepa kistaarabu. Siku ilipofika alikuwa amepika, ametandika meza, na simu ameiweka chumba kingine. Mtu aliyekuandika kwenye kalenda yake amekutengea saa ambazo hakuna atakayemnyang'anya, na ningependa kila anayeondoka Dar au Nairobi ajue hivyo kabla hajakata tamaa.

Marafiki wa kudumu, hata hivyo, wengi huwapata nje ya kazi, kwenye vyama vinavyoitwa Verein. Kuna vya mpira, vya kwaya, vya makasia, vya kucheza karata. Mnakutana siku ileile kila wiki, na urafiki unakua polepole kwa kufanya kitu pamoja. Jiunge wiki ya kwanza au ya pili. Ukisubiri hadi uzoee kazi, fildi itakuwa imeisha.

"Jumapili nitamalizia shughuli zangu."

Jumapili maduka yanafungwa, kwa sheria. Zinabaki hoteli, baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache, na yale ya ndani ya stesheni kuu za treni. Jumapili yangu ya kwanza nilikula biskuti za kwenye ndege. Kwa hiyo nunua Jumamosi. Ukishafanya hivyo, utaona siku hiyo ilivyo ya watu: wanazunguka ziwa la Alster kwa miguu, wanatembeleana kwa kahawa na keki. Kama hujaalikwa, panda feri namba 62 kutoka Landungsbrücken kwenda Finkenwerder. Tiketi yako ya kawaida ya basi na treni inatosha.

"Posho ikiwa ndogo, nitaongeza kibarua cha jioni."

Hapa nawaomba muwe waangalifu sana. Ni kweli kwamba fildi ya lazima, iliyomo kwenye mtaala wa chuo, haimo kwenye sheria ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza mwaka 2015, na ya hiari isiyozidi miezi 3 wakati wa masomo nayo haimo. Kwa hiyo pesa inaweza kuwa kidogo, au isiwepo. Lakini vibali vinatofautiana. Mwanafunzi asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyesajiliwa chuo cha Ujerumani anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, na fildi ya lazima haihesabiwi humo. Aliyekwenda kwa kibali cha fildi peke yake asome kilichoandikwa kwenye kibali chake, neno kwa neno, kabla ya kukubali hata jioni moja ya kuosha vyombo. Tena saa za waajiri wawili hujumlishwa pamoja katika zile saa za kisheria za kazi. Nimemwona mwenzangu akisinzia kwenye kikao baada ya usiku wa kubeba mizigo. Hakupata rafiki hata mmoja, kwa sababu kila jioni yake alikuwa ameshaiuza. Fanya hesabu ya kodi ya chumba na chakula kabla hujasaini mkataba, ukiwa bado nyumbani.

"Ukiumwa, jikaze." Hapana. Piga simu kabla saa ya kazi haijafika, ulale. Ukizidi siku 3 utatakiwa kuwa na cheti cha daktari, na baadhi ya waajiri hukitaka mapema zaidi. Anayekuja ofisini na mafua mazito anaonekana hajali wenzake.

"Nyumbani wapo kwenye simu, sitakuwa mpweke."

Kuanzia mwisho wa Oktoba Tanzania inakuwa mbele kwa saa 2. Nikifika chumbani saa kumi na mbili jioni, kwetu ni saa mbili usiku, familia imekusanyika sebuleni, na mama anataka kuniona nikila. Desemba jua la Hamburg linazama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo kitanda na simu vinakuita mapema sana. Nilikuwa nakata simu saa tano za kule, moyo umejaa sauti za nyumbani, na sijaongea na mtu yeyote wa mji ninaoishi. Tulikubaliana na mama iwe Jumatano na Jumapili. Alinuna wiki moja, kisha akazoea.

Jioni zilizobaki nilizipeleka Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako Kiswahili kinafundishwa, na wanaojifunza wanatafuta mtu wa kuongea naye. Mji huo na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, lakini mimi sikujua hilo hadi nilipoambiwa na kijana wa Altona, mtaa mmoja wa Hamburg, aliyekuwa akihangaika na ngeli. Kila Jumanne nilimsaidia na ki- na vi-, naye akanivumilia kwenye der, die na das, vijineno vinavyotangulia nomino za Kijerumani. Krismasi alinipeleka kwao. Baada ya chakula mama yake alishusha kalenda iliyoning'inia jikoni, akaniuliza polepole, ili nielewe Kijerumani chake, ninaondoka tarehe ngapi, akazungushia Jumapili mbili kabla ya hiyo.