Je, wajua modemu moja ilitambuaje faksi na kompyuta kwenye laini ileile?

Kama umewahi kuinua simu ya mezani ukakuta hakuna anayesema, ila "piii" fupi, kimya, halafu "piii" tena, basi ulipigiwa na mashine ya faksi. Jibu la swali letu limo ndani ya mlio huo.

Miaka ya 1990, mwenye laini moja tu ya simu aliweza kupokea faksi na papo hapo kuendesha ubao wa matangazo wa kompyuta. Watu waliupigia kwa modemu, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, wakasoma ujumbe, wakaacha wa kwao na kuchukua mafaili. Ubao wa kwanza wa aina hiyo ulianzishwa Chicago mwaka 1978 na Ward Christensen na Randy Suess. Sasa simu inaita, na modemu ni hiyo moja. Itajuaje nani yuko mlangoni?

Kwa hodi. Faksi inayopiga hutoa mlio wa mitetemo 1,100 kwa sekunde, unaodumu nusu sekunde, kisha hunyamaza sekunde tatu na kurudia. Modemu ya kompyuta kwa kawaida haipigi hodi hiyo: hungoja mwenyeji, yaani modemu iliyopigiwa, aanze kwa mlio wake wa mitetemo 2,100. Basi mwenyeji akisikia ile 1,100 anapokea faksi, asipoisikia anazungumza na kompyuta.

Ila lazima umruhusu mwenyeji huyo kuamua. Amri za modemu huanza na herufi AT, kama kusema "tega sikio", desturi iliyoletwa na Hayes Smartmodem mwaka 1981. Ukiandika AT+FCLASS=? modemu hutaja inachokiweza: 0 ni data, 1 na 2 ni madaraja ya faksi. Katika daraja la 1 kompyuta ndiyo inayobeba mazungumzo ya faksi, katika la 2 modemu yenyewe huyabeba sehemu kubwa. Nyingi za daraja la 2 ziliachiwa uamuzi kwa AT+FAA=1.

Hapa ndipo wengi walipokosea, nami naliona kosa lenyewe ni kubwa. Waliweka ATS0=1, yaani modemu ipokee simu ikiita mara moja. Kompyuta ikiganda usiku, modemu inaendelea kupokea, na mtu aliyepiga kutoka mbali analipia ukimya. Programu ya mgetty, aliyoiandika Gert Doering kwa mifumo ya Unix, ilikwenda njia nyingine: S0 inabaki 0, yaani modemu isipokee yenyewe; kompyuta inangoja neno RING ambalo modemu huleta simu ikiita, halafu yenyewe inatuma ATA, amri ya kupokea. Kompyuta ikiwa imeganda, simu inaita tu bila kupokewa, na mpigaji hatozwi. Huko ndiko kumjali mgeni.

Tatizo jingine lilikuwa namna ya kompyuta na modemu yake kuambiana "subiri kidogo" data inapopita kati yao. Njia mojawapo, XON/XOFF, hutumia herufi namba 19 kusimamisha data na namba 17 kuiendeleza. Kwa maandishi matupu haina shida. Lakini ndani ya faili lililobanwa, namba 19 ni data kama data nyingine. Ikipita, upande wa pili unadhani umeambiwa simama, na faili linakwama katikati. Kwa ajili hiyo waendeshaji wa mbao walichagua RTS/CTS, ambapo "subiri" husafiri kwenye waya zake pekee ndani ya kebo.