Je, wajua kwa nini mguu bandia hautumwi tu kama mzigo?

Hospitali inayotaka kuwasaidia majeruhi wa vita wa nchi nyingine inaweza kununua nyayo, mabomba na magoti ya kiwandani na kuyasafirisha kwa kontena. Kitu kimoja hakitaingia humo: soketi, yaani ganda linalovikwa kigutu. Soketi hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na isipomkaa vizuri, mguu wote utabaki uvunguni mwa kitanda, hata uwe wa bei gani.

Kazi huanza wiki nyingi kabla ya kupima. Kigutu kibichi huvimba, kwa hiyo hufungwa bendeji ya kuvutika kwa mtindo wa namba nane, ikibana nchani na kulegea kadiri inavyopanda, na hufungwa upya mara kadhaa kwa siku. Ikikazwa juu kuliko chini, maji hukwama nchani na kigutu hufura kama balungi. Kosa jingine hufanywa kwa huruma: kumwekea mgonjwa mto chini ya goti. Goti hukakamaa likiwa limepinda, na hapo hata soketi nzuri haimsimamishi wima. Aliyekatwa juu ya goti hulazwa kifudifudi mara kadhaa kwa siku ili nyonga isikakamae.

Majeraha ya mlipuko yana ugumu wake. Udongo, vipande vya nguo na vyuma husukumwa ndani kabisa ya nyama, kwa hiyo kidonda husafishwa na kuachwa wazi siku kadhaa kabla ya kushonwa. Baadaye mfupa unaweza kuota ndani ya misuli, ncha za neva zikafanya uvimbe unaouma ukiguswa, na vijidudu sugu vikaurudisha usaha. Kila upasuaji wa marudio hubadilisha umbo la kigutu, na soketi ya zamani haifai tena.

Kuitengeneza, fundi huzungushia kigutu bendeji ya plasta, huku ameweka alama kwenye mifupa iliyo karibu na ngozi. Bendeji hiyo ikikauka huwa ganda, na kutokana nalo hupatikana mfano wa kigutu wa plasta. Huuchonga pale panapoweza kubeba uzito na kuujazia pale pasipostahimili, kisha huuvika plastiki ya polipropilini iliyopashwa moto. Mgonjwa hutembea dakika chache, soketi huvuliwa, ngozi hukaguliwa. Wekundu usiofifia ndani ya dakika 10 hivi unaonyesha mahali panapofinya, nayo soketi hurekebishwa hapo hapo. Jicho hilo halipatikani kwa kozi ya siku tatu.

Ushirikiano hufanyika kwa njia mbalimbali. Tangu 2006, Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakiwapeleka majeruhi wa Irak, na baadaye wa Syria na Yemen, Amman nchini Jordan, ambako upasuaji na fiziotherapia huenda pamoja. Umoja wa Ulaya umehamishia hospitali zake wagonjwa zaidi ya 4,000 kutoka Ukraine tangu Machi 2022. Kituo cha matibabu na urekebishaji cha Unbroken mjini Lviv, huko huko Ukraine, hupokea wapasuaji wa nje wanaofanya kazi bega kwa bega na wenyeji. Njia hii ya mwisho ndiyo inayostahili fedha zaidi, kwa sababu mgonjwa hurudi kwao. Akirudi na goti la kielektroniki lisilo na fundi wala vipuri, au bila faili lenye majibu ya vipimo vya vijidudu, madaktari wa nyumbani huanza upya.

Mtu mzima huhitaji mguu mpya kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mtoto anayekua huhitaji mwingine baada ya miezi 6 hivi, na mfupa wake unaweza kurefuka hadi kuisukuma ngozi, akahitaji kupasuliwa tena. Mkataba wa hospitali mbili unapaswa kumtaja fundi atakayepima soketi hiyo ya pili, na karakana atakayofanyia kazi.