Huruma kwa nafsi ni nini, na kwa nini siyo kujidekeza

Ukimwambia inchaji wa leba, yaani muuguzi anayesimamia wodi ya kujifungulia, "jihurumie kidogo" atakuangalia vibaya, maana kwa Kiswahili chetu hilo neno linakaa kama kujiliza, mtu yuko pembeni analalamika mimi tu, kila siku mimi. Hiyo ni kujionea huruma, kitu kingine kabisa. Huruma kwa nafsi ni kujitendea vile ungemtendea mwenzako aliyeelemewa.

Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, aliielezea kitafiti mwaka 2003 na akaipa sehemu tatu: kujisemesha kwa upole badala ya kujishutumu, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni vya binadamu wote siyo vyako peke yako, na kuyatazama maumivu yalivyo bila kuyaficha wala kuyakuza.

Sasa ilete wodini. Mama kajifungua, damu haikati, mmehangaika usiku kucha na bado amefariki. Asubuhi kabla ya kikao cha kupitia kifo, muuguzi mdogo aliyekuwa zamu analia, wewe inchaji unamshika bega unamwambia damu ya kuongezewa ilichelewa, ulifanya ulichoweza mwanangu, tukae tuone tunabadilisha wapi. Maneno mazuri kabisa. Afu unafika nyumbani, unabandika maji ya ugali huku unajiambia we mzembe, ungepiga simu mapema, wanaosema cheo hukukistahili labda wako sawa. Hivi kwa nini yule binti apate yale maneno na wewe upate haya, wakati usiku ulikuwa mmoja?

Kwa mwanamke kiongozi inauma zaidi, maana ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 ilionyesha wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na ustawi wa jamii duniani ila nafasi za juu wameshika asilimia 25 tu, kwa hiyo aliyefika pale anajiona yuko kwenye mtihani kila siku, akiteleza inasemwa wanawake ndivyo walivyo, na nyumbani nako wanamsubiri.

Wengi wanaogopa kwamba wakijisamehe watalegea. Mimi naona ni kinyume chake, yaani anayejitukana ndiye anayeficha kosa kwa sababu kulitaja ni kujichapa upya, ila anayejua kosa halimfuti utu wake analisema kikaoni na kesho anaongeza dripu na sindano kwenye trei ya dharura.

Na isitumike kuwanyamazisha watu, kumwambia matroni, mkuu wa wauguzi, apumue taratibu wakati wodi ina muuguzi mmoja usiku ni kumuonea. Huruma hii ina upande mkali pia: matroni huyohuyo anaingia kwa mganga mfawidhi na ratiba mkononi, anasema zamu hii bila mtu wa pili sisaini.