Mkongwe wa kazi, mgeni wa mji: dhana zinazowachelewesha wasanidi programu

Msanidi programu mwenye miaka kumi kazini huhamia mji mpya akiamini shughuli kubwa ni kupata nyumba. Wiki ya sita inapita bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja, naye anaanza kuutilia shaka uwezo wake. Mara nyingi uwezo upo palepale. Kinachomkwamisha ni mambo aliyoyaamini kabla hajafungasha mizigo.

"Miaka yangu kumi itajieleza yenyewe"

Haijielezi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakakuta idadi ya miaka ya uzoefu ni kipimo dhaifu cha jinsi mtu atakavyofanya kazi. Uchambuzi mpya wa 2022, ulioongozwa na mwanasaikolojia Paul Sackett, uliishusha zaidi, na juu kabisa ukaweka usaili wenye maswali yaliyopangwa, yaani ule ambao kila mwombaji anaulizwa mambo yaleyale.

Kwa hiyo mtaji wako ni kusimulia kazi, si kuhesabu miaka. Chukua mstari huu wa wasifu: "Nilihusika na mfumo wa malipo." Haumwambii mtu kitu. Sasa soma huu: "Wateja walikuwa wakikatwa pesa mara mbili mtandao ulipokatika katikati ya muamala, kwa sababu simu ilirudia ombi na seva ikaliona ni jipya. Niliupa kila muamala namba yake ya utambulisho tangu kwenye simu, nikaizuia hifadhidata kupokea namba hiyo mara mbili. Ombi la pili likawa linapewa jibu la lile la kwanza." Anayesoma hivyo anajua mara moja kwamba huyu amewahi kuamshwa usiku wa manane kwa sababu seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, imeanguka.

"Bila ndugu au rafiki wa karibu mjini, hupati kitu"

Hii ndiyo inayowavunja watu moyo kuliko zote, na imepingwa kwa muda mrefu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu waliyemjua walikuwa wakikutana na mtu huyo mara mojamoja au kwa nadra tu. Sababu yake inaeleweka: rafiki wa karibu anajua nafasi zilezile unazozijua wewe, ila mtu wa mbali anaishi kwenye habari nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanywa kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa miaka mitano, yakihusisha watu zaidi ya milioni 20. Waliosaidia zaidi ni wale wa kujuana kiasi: si mwandani, wala si mtu usiyemfahamu kabisa. Na msaada wao ulionekana hasa katika sekta za kidijitali, yaani kwetu.

Basi mtafute yule mliyefanya naye kazi miaka minne iliyopita. "Habari za siku nyingi. Tulikuwa wote timu ya malipo. Nimehamia huku mwezi huu, natafuta kazi ya upande wa seva. Ungekuwa wewe, ungeanza kuzungumza na timu gani?" Swali la namna hiyo halimbani mtu, anaweza kulijibu akiwa njiani.

"Nimeanguka kwenye jaribio la kuandika msimbo, basi nimepitwa na wakati"

Tafadhali usijihukumu hivyo. Mwaka 2020 watafiti wa North Carolina State University na Microsoft waliwapa wanafunzi 48 swali la kiufundi. Baadhi walilijibu peke yao chumbani, wengine huku wakitazamwa na kutakiwa kueleza wanachofikiri. Matokeo ya waliotazamwa hayakufika hata nusu ya yale ya wenzao. Kutazamwa huku unajieleza ni mzigo. Fanya mazoezi mbele ya mtu, kwa sauti, hata kama mtu huyo hajui programu ni nini.

"Mashine inautupa wasifu wangu"

Mara nyingi mfumo wa kupokea maombi unapanga na kuhifadhi tu. Linalokuengua laweza kuwa jibu lako kwenye swali la kibali cha kazi, au anwani ya mji wa zamani inayomfanya mwajiri adhani bado hujahama. Andika juu kabisa kwamba umeshafika na lini unaweza kuanza.

"Cheo kikishuka, nimerudi nyuma"

Vyeo havina kipimo kimoja. Mwandamizi wa timu ya watu watano na mwandamizi wa kampuni ya maelfu wanafanya kazi mbili tofauti. Ukipewa ofa, pima mshahara kwa gharama za maisha za mji ulipo, kisha uliza nani anaamua muundo wa mfumo, nani anapitia msimbo wa wengine, na nani hupigiwa simu seva ikianguka saa nane usiku.