Mwili kuizoea dawa ya maumivu siyo uraibu

"Asipewe morfini, atazoea." Shinda wodini siku mbili tatu utaisikia kauli hii, na mara nyingi anayeitoa ni ndugu anayempenda mgonjwa kwelikweli. Wakati mwingine ni mhudumu wa afya, na hapo ndipo subira inaponiishia. Kwa sababu kuna "kuzoea" mbili hapo, na wanaoumia watu wakizichanganya ni wagonjwa wa saratani na wa seli mundu.

Kwa ufupi, basi. Utegemezi ni pale mwili unapokuwa umejirekebisha kuendana na dawa, kiasi kwamba ikikatishwa ghafla mtu anaugua. Uraibu ni ugonjwa wa kushindwa kujizuia: mtu anaitamani dawa, anaitafuta, anaendelea kuitumia hata inapomharibia afya, kazi na ndoa. Hali hizi zinaweza kumkuta mtu mmoja kwa pamoja, lakini ya kwanza peke yake haithibitishi ya pili.

Chukua morfini. Kwenye shina la ubongo kuna kikundi kidogo cha seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na chonjo. Morfini inazituliza. Zikitulizwa wiki kadhaa mfululizo, zinaongeza bidii ili kazi isilale. Sasa dawa ikikatwa siku moja, ni kama watu wawili waliokuwa wakisukuma mlango kutoka pande mbili, mmoja akachomoka: aliyebaki anapitiliza nao. Mgonjwa anapiga miayo, kamasi zinamtiririka, vinyweleo vinasimama, jasho, kuhara, usingizi hakuna. Mtaani wanaiita arosto, na kwa kuwa tumezoea kuiona kwa mateja wa unga, mtu akiiona kwa mama yake mzazi anahitimisha kwamba mama naye kawa teja.

Lakini hata kichanga kinaweza kuipata. Mama aliyetumia methadoni, dawa ya jamii ya morfini, akiwa mjamzito anaweza kujifungua mtoto anayetetemeka, analia kwa sauti kali na kunyonya hawezi. Huo ni utegemezi kamili. Uraibu je? Mtoto wa siku mbili hajui hata kama kuna kitu kinaitwa dawa. Vilevile anayemeza prednisolone kwa miezi, au propranolol kwa ajili ya moyo, anaonywa asiache ghafla, na sijawahi kusikia mtu akimwita teja.

Mkanganyiko huu haukuanzia kwetu, na wasomi nao wana mkono wao. Mwaka 1964 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza istilahi ya uraibu iachwe na ya utegemezi ishike nafasi yake. Kisha Wamarekani, walipokuwa wakiandaa toleo la 1987 la mwongozo wao wa magonjwa ya akili, wakabishana watumie neno lipi. Waliopinga "uraibu" walisema linamdhalilisha mgonjwa. Wenzao wakajibu kwamba "utegemezi" tayari ni jina la kitu kingine, jambo la kawaida la mwili. Watafiti wa uraibu Charles O'Brien, Nora Volkow na mwenzao waliandika mwaka 2006 kwamba katika kikao kimoja neno utegemezi lilishinda kwa kura moja. Kura moja! Tangu hapo, kuhitaji dozi kubwa zaidi na kuugua dawa inapokatishwa vikawa kwenye orodha ya dalili za ugonjwa ule ule wa teja, hata kwa mtu anayemeza vidonge vyake sawasawa na alivyoandikiwa. Ni toleo la 2013 lililosema wazi kwamba dalili hizo mbili zisihesabiwe kwa anayetumia dawa ipasavyo chini ya uangalizi wa daktari.

Hofu ya uraibu nayo ina madhara yake. Baada ya mwongozo mwingine, wa 2016, wa kuhimiza tahadhari na dawa za jamii ya morfini huko Marekani, baadhi ya wagonjwa waliozitumia kwa miaka walikatiwa ghafla. Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikatoa onyo: kukatisha namna hiyo kumeleta arosto kali, maumivu yasiyodhibitika, hata watu kujiua. Mwongozo uliohuishwa mwaka 2022 unashauri kwamba aliyetumia mwaka mmoja au zaidi, ikibidi kupunguza, apunguziwe kama asilimia 10 kwa mwezi, au polepole zaidi.

Sisemi uraibu haupo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalikadiria kwamba unawapata kama 8 hadi 12 katika kila 100 ya wanaotumia dawa za jamii ya morfini kwa maumivu sugu. Si wachache wa kupuuzwa. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema walio wengi hawaupati, ilhali mwili wa karibu kila anayeitumia muda mrefu utaizoea dawa.

Morfini ya maji, ile ambayo Hospice Africa Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa tangu 1993, hunywewa kila baada ya saa 4 kwa sababu nguvu yake huishia hapo. Basi mgonjwa akianza kutupia jicho saa ya ukutani ikiwa imebaki nusu saa, muulize kwanza anaumwa kiasi gani. Pengine dozi haitoshi. Halafu tazama akishainywa inakuwaje: anakaa, anakula uji, anauliza habari za wajukuu? Au anajifungia, anaficha chupa, anadanganya imemwagika? Hiyo ya pili mwambie daktari, bila kelele wala matusi. Ya kwanza inatosha kusema, "Mwili wake umeizoea dawa, isikatishwe ghafla."